Funguo za Akiba

Jumatatu, 4 Machi

Daktari amenipima, ameitazama mashine yake, kisha akanitazama mimi. "Mzee, kazini unafoka sana?" Nikamwambia mimi ni msimamizi wa zamu ya mchana kwenye vihenge vya nafaka, vihenge sita vya chuma, na mvua ndiyo hizo zimeanza. Nisipofoka, nitaimba? Akasema nitafute pengine pa kumwagia hasira, la sivyo presha itanimaliza. Haya, daftari, kaa mkao wa kufokewa.

Mvua tangu asubuhi. Malori kumi na manne getini, na turubai zote zinavuja.

Jumanne, 5 Machi

Mahindi yaliyolowa ni adui yangu. Chini ya kila kihenge kuna shimo, na ndani ya shimo kuna parafujo ya chuma, ndefu kama basi, inayozunguka na kuyasukuma mahindi kwenda kwenye kikaushio. Mahindi makavu hupita bila kelele. Haya mabichi yanashikana, parafujo inakabwa, mtu anashuka na koleo kuzibua. Kabla hajashuka anazima swichi kuu juu, anaifunga kwa kufuli lenye jina lake, na ufunguo anautia mfukoni. Mpaka atoke na kulifungua mwenyewe, parafujo haiwaki, hata aje rais wa dunia.

Leo wameshuka mara tano. Mwaka jana wakati kama huu hatukushuka hata mara moja.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimepandwa na mori, na aliyenipandisha ni shemeji yangu mwenyewe. Amemwoa mdogo wangu, tena mimi ndiye niliyemtafutia kazi hapa. Fundi mitambo mzuri, mtu wa maskhara, watu wanampenda. Ametoka shimoni saa nne akapigiwa simu kwamba mtoto ana homa shuleni, akachomoka mbio. Kufuli limebaki kwenye swichi, ufunguo umeenda naye, na simu yake imeisha chaji.

Tumesimama kwa saa saba nzima. Malori yamejipanga mpaka barabara kuu. Meneja ameteremka na mwamvuli wake, na mbele ya madereva akaniuliza, "Yaani mitambo ya kampuni nzima imefungwa na mfuko wa suruali ya mtu mmoja?" Madereva wakavunjika mbavu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Shemeji amerudi jioni, macho chini. "Nisamehe, shemeji, nilichanganyikiwa." Nilimfokea mpaka koo likakauka. Mtoto hajambo.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepata dawa. Kila kufuli lilinunuliwa na funguo mbili, na ule wa pili kila mtu anakaa nao kwake bila kazi yoyote. Leo nimezikusanya zote, nimezitunga kwenye waya mmoja na kuzitia kwenye droo yangu. Mtu akiondoka na ufunguo wake, tunafungua kwa ule wa akiba. Nimeweka na masharti: kwanza mwenye kufuli atafutwe, aonekane kwa macho, na mimi niwepo.

Meneja amefurahi kupita kiasi. Ameandika barua ya pongezi na kuibandika ubaoni: "Tumejifunza kutokana na tukio la tarehe nane." Jina langu limo, kwa herufi kubwa.

Aliyekunja uso ni afisa usalama, binti aliyetoka chuoni juzijuzi, sauti ndogo, kalamu haiishi wino. "Bosi, na kama mwenye kufuli haonekani kwa sababu yuko shimoni?" Nikamjibu, "Binti, aliye shimoni anaonekana shimoni." Watu wote wakacheka. Naye akaandika kitu.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Funguo za akiba, mara moja. Mwenye kufuli alikuwa chooni, nilimwona akitoka.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Funguo, mara mbili. Hakuna lori lililolala getini. Meneja kanipungia mkono kutoka dirishani.

Jumanne, 19 Machi

Opereta wa chumba cha swichi tunamwita Redio kwa sababu hazimiki. Anakuja kuomba funguo huku ananihadithia ndoa ya jirani yake, mgongo wa mama yake na mchezaji aliyekosa penalti. Leo amekuja mara tatu, na mara ya tatu nimechoka kupanda ngazi kwenda naye kuhakikisha. Nimemwambia, "Droo haina kufuli, chukua, kisha urudishe. Na ukirudisha, rudisha kimyakimya."

Goti langu linauma siku za unyevu.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Funguo, mara nne. Sasa hawaniambii, naona tu waya umewekwa upande mwingine wa droo.

Jumamosi, 23 Machi

Afisa usalama ameingia ofisini kuangalia Kitabu cha Nusura, kile ambacho mtu aliyeponea chupuchupu anatakiwa kuandika ilikuwaje. Tangu mwaka jana Agosti hakina neno hata moja. Akaniuliza kwa nini. "Kwa sababu watu wangu wanajua kazi," nikamwambia. Akasema, "Au wanajua kitabu kinakaa kwenye meza ya nani." Yule binti ana ulimi. Nimemuonyesha mlango kwa heshima zote.

Alhamisi, 28 Machi

Saa nane mchana Shemeji ameingia, kalowa chapachapa, mahindi yamemganda mpaka kwenye nyusi. Hakukaa. Akaliweka kufuli lake juu ya meza yangu.

"Nimelikuta juu ya sanduku la swichi," akasema. "Limefunguliwa."

"Nani kalifungua?"

"Mwenye droo si wewe?"

Alikuwa shimoni, kihenge namba mbili. Amepanda kuchukua koleo jingine, akamkuta mwenzetu wa zamu ya jioni, aliyewahi kufika, keshashika mkono wa swichi. Yule naye akashangaa: "Kwani uko huku? Si umeenda kula?" Shemeji alinisimulia akicheka, eti angechelewa kidogo angetoka kwenye kikaushio akiwa unga namba moja. Lakini mikono aliificha kwapani.

Akasema anaomba Kitabu cha Nusura, aandike.

Nitaandika nilichosema, kwa kuwa hapa hapana wa kunikatiza. Nilimwambia, ukiandika, binti wa usalama ataipeleka juu. Juu watauliza wazo la funguo ni la nani. Barua yangu iko ubaoni. Na mwenzetu wa jioni atafukuzwa, ana watoto. Na wewe mwenyewe ndiye uliyeanzisha yote haya tarehe nane, au umesahau? Nikamwambia, "Sisi ni ndugu. Hili tulimalize sisi wenyewe."

Akajipangusa mahindi kwenye nyusi. "Basi, shemeji. Kwa sababu ni wewe."

Akachukua kufuli lake akaondoka. Kesho nitawapa watu onyo kwa mdomo. Inatosha.

Ijumaa, 29 Machi

Sikutoa onyo. Malori ishirini na moja, kikaushio kimegoma mara mbili, pumzi sikupata. Funguo, mara tatu.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua. Onyo nitatoa Jumatatu, zamu zote zikiwa pamoja.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua kubwa. Mkutano umeahirishwa. Funguo, sijui mara ngapi.

Jumapili, 14 Aprili

Nimejaribu kuandika siku tatu, kalamu inakataa. Leo nitaandika hata ikikataa.

Alhamisi tarehe kumi na moja, saa tano asubuhi, nilikuwa getini nagombana na madereva. Mvua ilikuwa inapiga bati za vihenge mpaka mtu na mwenzake hawasikiani. Redio akanipigia simu. Maneno yake nayakumbuka moja moja.

"Bosi, namba nne imefungwa. Kufuli la shemeji yako. Nimeita shimoni hakuna anayejibu, na koti lake la mvua halipo kwenye msumari."

"Atakuwa ameenda kula. Chukua funguo, washa."

"Niwashe?"

"Unataka nikuandikie barua?"

Nikakata simu. Nikaendelea kugombana na dereva mmoja kuhusu zamu yake kwenye foleni. Kuhusu foleni, jamani.

Alikuwa shimoni. Koti lilikuwa mwilini mwake kwa sababu shimo la namba nne linavuja, na mimi nalijua linavuja. Hakusikia kuitwa kwa sababu ya mvua ile ile iliyonifanya mimi nipige kelele kwenye simu. Redio aliposikia parafujo inaguna akazima mara moja. Alikuwa mwepesi, daktari amesema wepesi wake ndio uliomwachia mtu uhai. Lakini parafujo ilikuwa imekwisha kuuchukua mguu wa kushoto.

Tulimtoa watu sita. Hakupiga kelele. Aliniona, akasema, "Shemeji, kufuli nilifunga. Nilifunga." Akarudia mpaka kwenye gari la wagonjwa. Alidhani tutamlaumu.

Wameukata chini ya goti. Mdogo wangu alipokuja hospitali alinirukia shingoni, akalia kifuani kwangu, akaniita kaka, kaka. Nikamkumbatia.

Jumatano, 17 Aprili

Meneja kaniita, kafunga mlango. Rasimu ya ripoti ilikuwa mezani: "Opereta aliondoa kufuli bila idhini." Redio amesimamishwa kazi, na kesi inaweza kufunguliwa. Nikasema nilizungumza naye kwa simu. Meneja akanyanyua kiganja. "Kwenye simu hakuna maandishi. Una miaka ishirini na mbili hapa. Tulia, mzee wangu."

Nikatulia. Nimetoka pale miguu yangu miwili ikinibeba vizuri tu.

Alhamisi, 18 Aprili

Redio amekuja nyumbani kwangu mchana. Mtu niliyekuwa namwomba anyamaze amekaa kwenye kiti changu robo saa nzima bila neno. Nilimwekea chai, hakuigusa. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Mwishowe akasema, "Nikifunga macho naisikia ile sauti." Kisha, akiwa mlangoni, "Sijamwambia mtu kuhusu simu, bosi. Nasubiri useme wewe."

Miaka sita nimemwita mtu huyu mpiga domo.

Ijumaa, 19 Aprili

Hospitali. Mdogo wangu alikuwa ametoka kufuata dawa. Shemeji akaniuliza polepole, "Umewaambia ya siku ile?"

"Siku ipi?"

"Ipi tena, shemeji." Akageukia ukutani. Hakunigeukia tena mpaka nikaondoka.

Jumatatu, 22 Aprili

Afisa usalama ameomba zamu zote tatu zikutane kwenye ukumbi wa kulia chakula, kabla ripoti haijatiwa sahihi. Nilidhani atakuja kututafutia mchawi. Akasimama na ile sauti yake ndogo, akasema, "Sitaki kujua nani. Nataka kujua ilikuwaje kufungua kufuli la mtu kukaonekana jambo la kawaida hapa." Akakaa, akasubiri.

Meneja anatazama saa. Redio alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na mlango, kama mtu asiyealikwa.

Nikasimama. Presha au si presha, nikasimama. Nikasema idhini ya kuwasha ni yangu, kwa mdomo wangu, kwa simu, na opereta aliniuliza kabla ya kuwasha. Nikasema masharti ya droo niliyaweka mimi na niliyavunja mimi wa kwanza, ndani ya siku nane. Hapo ningeweza kukaa, nilikuwa nimeshamsafisha Redio. Lakini likabaki lile jingine, na lile ndilo lililokuwa linanikaba. Nikasema, tarehe ishirini na nane Machi shemeji yangu aliponea chupuchupu kwa funguo hizohizo, akaja kuomba kitabu aandike, nikamkatalia. Nilimwomba anyamaze kwa jina la undugu.

Redio akaongea kutoka nyuma, bila kusimama. "Ningejua ya tarehe ishirini na nane, ningeshuka shimoni nikaangalia kwa macho yangu. Ni ngazi kumi na mbili tu."

Hakusema kwa hasira. Heri angesema kwa hasira.

Ndipo watu wakaanza kupasua majipu. Mtu wa zamu ya usiku akasema wao walikwisha kujichongea nakala za funguo zangu, kwa sababu walisoma barua ya pongezi ubaoni wakaona ni utaratibu wa kampuni. Mwingine akasema naye aliwahi kufunguliwa kufuli akiwa chini, Machi hiyohiyo, akanyamaza asionekane mwoga. Mama anayefagia chumba cha swichi akasema ameokota kufuli sakafuni mara mbili, akadhani limeanguka, akalitundika tu. "Mimi nani ataniuliza?" akasema. Binti alikuwa anaandika mpaka jasho linamtoka.

Nilikuwa nahesabu kichwani. Nusura nne kabla ya mguu mmoja, kila mtu na yake, kila mtu akidhani ni yake peke yake. Tulijifunza kweli msimu huu. Tulijifunza namna ya kuwahi malori, tukajifunza vizuri, tukafundishana mpaka zamu ya usiku. Na mwalimu mkuu nilikuwa mimi.

Jumanne, 30 Aprili

Redio amerudishwa kazini. Mimi nimevuliwa usimamizi, nitakuwa kwenye mzani, napima malori. Sikulalamika, na daktari atafurahi.

Funguo za akiba zote zimekatwa kwa msumeno mbele ya watu. Sheria mpya fupi: kufuli linamsubiri mwenyewe, hata kama ameenda na ufunguo mwisho wa dunia. Kitabu cha Nusura kimehamishiwa ukumbini, na kila zamu inaanza kwa mtu mmoja kukisoma kwa sauti. Leo alisoma yule mama mfagiaji. Ukurasa wa kwanza ni maneno yangu.

Jumanne, 7 Mei

Mvua imepungua, manyunyu tu. Fundi mmoja ameondoka na ufunguo wake, amekumbuka akiwa mbali. Kihenge namba moja kimesimama saa moja na nusu. Madereva walipiga honi mpaka wakachoka wenyewe. Meneja alikaa kwenye ngazi akisubiri na wengine, na hakuna aliyefoka. Fundi aliporudi anahema, Redio alimpa maji akaanza kumhadithia ya jirani yake.

Mimi nilikuwa kwenye mzani natazama. Kumbe ilikuwa inawezekana. Nilidhani dunia itaanguka, na ilikuwa ni kusubiri tu.

Jumatatu, 13 Mei

Jua. Sijaitwa kwa mdogo wangu tangu siku ya mkutano. Nimepiga simu, haipokelewi.

Jumamosi, 18 Mei

Nimekwenda bila kuitwa. Mtoto alinifungulia, "Mjomba kaja!" akarukaruka. Shemeji alikuwa uani na magongo, anajizoeza kwenda mpaka ukutani na kurudi. Ameniitikia salamu. Ameniambia mzani ni kazi yangu kabisa, kwani siku zote nilipenda kuwapima watu. Nilicheka, naye akacheka kidogo, kisha akashika magongo akaelekea tena ukutani.

Mdogo wangu alikuwa ndani, kakaa mkekani na rundo la suruali za mumewe. Anakata mguu wa kushoto wa kila moja na kuupinda kwa sindano. Nikaketi. Hakuinua uso. Alimaliza moja, akaikunja vizuri, akachukua nyingine.

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yote yakapotea, yakatoka matatu tu.

Akashona mishono kadhaa. "Kaka, wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu tarehe ishirini na nane Machi. Saa nane mchana."

"Mpaka saa unaikumbuka?"

"Niliandika."

Hapo ndipo akainua uso. "Uliandika wapi? Si ulimkataza kuandika?"

"Nyumbani. Nina daftari langu. Niliandika yote, alivyokuja, alivyosema, na mimi nilivyomwambia."

Akapiga fundo. Kisha akainama, akakata uzi kwa meno.

"Kumbe kuandika unajua," akasema.